Damu Iliyofunga Njia

Ninaandika kwa ajili ya mwanamke ambaye leo, akioga, amegusa titi lake akakuta kitu, akavaa upesi na kutoka nje kama mtu aliyeitwa. Ninamjua, kwa sababu nami nilitoka bafuni hivyo hivyo. Sitamweleza ugonjwa huu unaanzaje, maana hata waliousomea hawakuniambia jambo moja lililofanana. Nitamweleza jinsi siku zinavyopita mtu akiwa ndani yake, na mambo ambayo kwa kutoyajua mapema nilikiona cha mtema kuni.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzoni mwa themanini, ya foleni za sukari na sabuni, magari yalipokuwa yakilala kwa kukosa mafuta. Tuliishi Baray, upande wa juu, karibu na barabara inayoteremka kwenda Mang'ola. Kazi yangu ilikuwa mizani. Katika ghala la kijiji nilipima mahindi, ngano na mbaazi za watu, na kazi hiyo humfundisha mtu kutazama kwanza, kusema baadaye. Mume wangu, Fabiano, alikuwa kwenye kikosi cha kutengeneza barabara huko Ngorongoro, juu ukingoni mwa kreta, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi akipata gari. Watoto wetu watatu, Yohana na dada zake wawili, walisoma Mbulu, wakikaa kwa dada yangu. Kwa hiyo siku nyingi pale nyumbani tulikuwa wanawake wawili: mimi, na ng'ambo ya zizi, katika nyumba yake mwenyewe, mama yake Fabiano.

Mama mkwe wangu alikuwa mwembamba, mnyamavu, na alijua kila ng'ombe alizaa lini. Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Yote nitakayoandika kwamba alisema, aliyasema kwa Kiiraqw.

Uvimbe niliukuta wakati wa kuvuna ngano. Ulikuwa titi la kushoto, upande wa kwapa, mgumu, hauumi. Kwa kuwa hauumi nilijiambia si kitu. Niliposhika jembe la kulimia msimu uliofuata ngozi ya mahali pale ilikuwa imeingia ndani kama kitambaa kilichoshonwa vibaya. Hapo nikaenda hospitali ya misheni, mbele ya Karatu, na wao wakanituma kwenye hospitali kubwa ya rufaa, safari ya siku mbili.

Nikumbukacho zaidi cha hospitali ile ya misheni ni benchi. Lilikuwa refu, la mbao, limeng'aa katikati kwa kukaliwa. Wanawake tulikaa tumeshika khanga zetu kifuani, na macho yote yalikuwa mlangoni. Hakuna aliyemwuliza mwenzake anaumwa nini. Watu waliulizana wametoka wapi, mvua huko ikoje, basi. Mlango ukifunguka sote tuliinua vichwa, jina likiitwa si lako unashukuru, halafu unaona aibu kwa kushukuru.

Aliyevunja ukimya ule alikuwa mama mmoja wa Kimasai kutoka Nainokanoka. Aliitwa Ng'oto Lemali, yaani mama yake Lemali. Nilikuwa nimekwisha kukatwa kule rufaa, nimerudi misheni kutolewa nyuzi. Alinitazama bega, akanisogelea.

"Wewe wamekukata lipi?"

"La kushoto."

"Mimi la kulia." Akapima nafasi iliyobaki kati yetu kwa macho, akajisogeza tukagusana. "Tukikaa hivi tumetimia mama mmoja."

Nilicheka mpaka mshono ukauma. Tangu nilazwe sikuwa nimecheka. Tulikaa hivyo mpaka akaitwa, na alipoingia aliacha fimbo yake mahali pake ili pasikaliwe.

Nyumbani nilisema wamekata, wamemaliza. Fabiano nami tulikubaliana hivyo, kwa sababu neno saratani kwetu wakati ule lilikuwa sawa na kuchimba kaburi. Mama mkwe aliuliza mara moja tu: "Wamekitoa chote?" Nikajibu, "Chote, mama." Nami niliamini.

Mvua za masika zilipokwisha nilikuwa najifunga mtandio mbele ya dirisha, kidole kikapita juu ya mfupa wa mtulinga kikakwama. Kilikuwa kidogo kama harage, kimejificha kwenye bonde la shingo. Nilikaa kitandani. Jogoo waliwika, watu walipita wakienda shamba wakisalimu, nikawajibu wote vizuri, na mwili wangu wote ulikuwa baridi. Mtu akisema hofu ni ya moyoni, hajui. Mimi yangu ilikuwa kwenye magoti.

Daktari wa hospitali ya misheni alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alipapasa, akanyamaza, akapapasa tena.

"Umetembea," alisema.

"Umetembea kwenda wapi?"

"Umetoka kwenye titi kabla halijakatwa. Mwingine tutauona, mwingine hatutauona." Alivuta kiti akakaa karibu. "Sikiliza, mama. Ugonjwa wa aina yako mara nyingi unalishwa na kitu kinachotoka mwilini mwako mwenyewe. Ni kile kile kinachokufanya uone siku zako za mwezi. Tukiuzuilia chakula hicho, unaweza kusinyaa, na ukaacha kutembea. Unaweza. Sikuapii."

Alisema kuna njia mbili za kuuzuilia. Moja ni kukata vifuko vya mayai ya uzazi. Nyingine ni vidonge ambavyo misheni ilikuwa imevipata kutoka nje, vichache. Jina lake, tamoksifeni, nililijua baadaye kwa kulisoma kwenye kopo. Tukaanza na vidonge. Sista mwenye duka la dawa alinipa vya miezi kadhaa, akaniambia nirudi kabla havijaisha, na Daktari akanishika mkono mlangoni: "Usikatize bila kuniambia. Hata ukijisikia mzima. Hasa ukijisikia mzima."

Ndugu msomaji, kama unapewa vidonge vya namna hii, nakuomba ulishike neno hilo kuliko maneno yangu yote.

Vidonge vilifanya kazi. Nasema hivi kwa kidole changu, maana kila asubuhi nilipapasa. Harage likawa dengu. Kufikia baridi ya Julai, ukungu ulipokuwa ukikaa bondeni mpaka saa nne, lilikuwa punje ya ngano. Lakini mwili uliobeba punje ile sikuutambua. Joto lilinipanda kutoka kifuani hadi kwenye nywele bila kubisha hodi. Pale ghalani watu wamejifunga mablanketi, mimi navua sweta na kujipepea kwa gunia. Wazee waliokuja kupima mbaazi walisema, "Huyu mama amekunywa pombe ya nani?" Asubuhi kichefuchefu kilinitoa nje. Nguo zilinibana tumboni. Na siku zangu za mwezi zilikatika, mwezi wa kwanza, wa pili, zikatokomea.

Wakati huo huo mama mkwe alibadilika. Alianza kuniletea maziwa ya ng'ombe aliyezaa. Nikiinua ndoo, anaichukua. Alinichongea mpini mrefu wa jembe nisiiname. Aliniletea mafuta ya kondoo kwenye kibuyu kidogo, akakiweka mlangoni bila neno. Nilidhani ananihurumia ugonjwa, nikaona heri Mungu amenipa mama mkwe wa namna hii.

Yeye hakuwa akihurumia ugonjwa. Kwetu mimba haitajwi, hasa ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuzaa, inatunzwa kimya. Aliona kichefuchefu, tumbo, joto, na kamba ya uani isiyoanikwa vitambaa vya mwezi. Tangu babake Fabiano afariki alikuwa akingoja mjukuu wa kumpa jina lake, Tluway. Akaona sasa anakuja. Hivyo sisi wawili tuliishi katika uwanja mmoja, kila mmoja akisoma ukimya wa mwenzake, na wote tukausoma vibaya.

Mvua za vuli zilichelewa mwaka ule. Asubuhi moja nilikuwa kisimani na jirani yetu, Mama Daniel, tukingoja maji yajikusanye, nikasikia uzito kiunoni, halafu damu. Haikuwa damu ya mwezi niliyoizoea. Ilishuka mpaka kwenye nyayo. Nilijifunga khanga ya pili, lakini jiwe nililokuwa nimekalia lilikuwa limeloa. Mama Daniel alilitazama jiwe, akanitazama tumbo. Aliinua ndoo yake ikiwa nusu, akaondoka bila kunigusa.

Alasiri mama mkwe alikuja, akasimama mbali na mlango. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kulia.

"Pole," alisema. "Kaa ndani."

Mila hiyo ya kumtenga mtu kwa Kiiraqw huitwa metimani. Mwanamke akiharibikiwa mimba, nyumba yake hutengwa, kwa sababu kifo cha ambaye hajazaliwa kinaweza kuharibu ardhi, mifugo na mvua za wengine. Hagawani moto na mtu, hachoti kisima kimoja na watu, hashiki mkono wa mtu, hatembei katika njia za wote, mpaka wazee waridhike, na wazee hawaridhiki upesi. Makanisa yalikuwa yamehubiri dhidi yake na wengi walikwisha kuiacha. Lakini mwaka mvua inapochelewa, watu hukumbuka mambo waliyokwisha kuyaacha.

Nilisema haikuwa mimba. Nilimwambia Mama Daniel kutoka ukingoni mwa shamba kwamba ni damu ya dawa. Alijibu kwa upole, bila kusogea, "Kila mtu husema hivyo, Mama Yohana. Hata mimi nilisema." Kwa mara ya kwanza nikajua kwamba naye aliwahi kutengwa. Mama mkwe alikuwa hatoki kwake ila kukamua, na akiniona upande wangu wa zizi aligeuza mgongo. Kazi ya mizani ilipewa mtu mwingine. Fabiano mwisho wa mwezi hakuja. Nilisikia watu wakipita barabarani wakisema kikosi chao kimehamishiwa mbali, njia ya Loliondo. Hakukuwa na wa kumpelekea habari.

Damu ilikatika baada ya juma moja, ikaniacha sina nguvu. Vidonge kwenye kopo vilianza kugonga chini. Kutembea hadi Karatu mjini ni mwendo wa mtu mzima wa afya, na mimi nilipofika kwenye mbuyu wa kwanza wa bondeni niliona giza, nikarudi kwa kujishika miti.

Gari pekee lililopita kwetu kwa uhakika lilikuwa lori la vitunguu kutoka Mang'ola. Dereva wake, Petro, alikuwa wa ukoo wa mume wangu. Siku ya soko nilisimama kando ya barabara, akasimamisha mbali kidogo, akateremsha kioo nusu.

"Mama Yohana, shikamoo."

"Marahaba, Petro. Nipeleke Karatu. Dawa zangu zinaisha."

"Mama, sina ubaya na wewe. Najua wewe ni mtu wa kanisa, hata mimi ni wa kanisa. Lakini humu ndani nina vitunguu vya watu kumi. Kimoja kikioza watasema ni mimi niliyekupakia."

"Na mimi nikioza?"

Aliangalia usukani. "Nitakuombea," alisema, na akaondoa gari. Kwenye kona taa za nyuma ziliwaka, utingo akaruka chini, akaweka kitu barabarani, wakaenda. Nilipofika nilikuta fungu la vitunguu, vikubwa, vilivyochaguliwa. Nilivichukua. Vilikuwa chakula changu siku nyingi, na sijaacha kumshukuru, ingawa siku ile nilimlaani.

Kidonge cha mwisho nilikigawa kwa meno, nikameza nusu, nikaweka nusu. Kisha hapakuwa na cha kugawa.

Sijui nieleze vipi majuma yaliyofuata. Joto la mwili lilipungua, nikalala vizuri, kichefuchefu kikaniacha, na kila nafuu ilinitisha. Nilijua maana yake: chakula kile kimeanza kutiririka tena, na mwenye njaa anakula. Nilijikataza kupapasa. Nilikalia mkono wangu. Asubuhi nyingine niliamka nimekwisha kupapasa usingizini. Punje ya ngano ilikuwa dengu. Mgongo ukiuma kwa kulala vibaya nilisema, umefika mgongoni. Nikikohoa moshi, nilisema, umefika kifuani. Nilianza kupanga nani atawasuka nywele binti zangu. Dengu likawa harage, na pembeni mwa harage kikatokea kingine, kidogo, kipya.

Siku niliyokigusa hicho cha pili nilingoja jua litoke vizuri. Mama mkwe alikuja zizini na kibuyu cha maziwa. Nilisimama upande wangu wa uzio.

"Mama, geuka unitazame."

Hakugeuka. Alikuwa akimfunga ng'ombe miguu.

"Mama, hapakuwa na mtoto."

"Damu ilionekana," alisema kwa ng'ombe.

"Ilikuwa damu ya dawa. Siku zangu zilikatwa na dawa, tumbo lilijazwa na dawa. Tangu mwaka jana hapajakuwa na mtoto hata mara moja."

Mikono yake ikasimama. Nilifungua blauzi mbele ya jua lile, ng'ombe na kila anayepita barabarani. Hakuwa amewahi kuona mahali pale. Mshono ulikuwa umetoka kifuani hadi kwapani, umekunjamana kama ukingo wa chapati.

"Hawakukitoa chote," nilisema. "Kimepanda shingoni. Dawa zilikuwa zinakizuia. Sasa zimekwisha, nacho kinakua. Nikikaa hapa mpaka wazee waridhike, utanizika mwenyewe."

Aliuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Kwa hiyo Tluway hayupo?"

"Hayupo, mama."

"Hakuwepo hata siku moja?"

"Hakuwepo."

Aliweka kibuyu chini. Alipita katikati ya ng'ombe, akapanda uzio kwa shida, akanikaribia mpaka nikasikia harufu ya maziwa. Kidole chake kilikuwa kikavu. Alikipeleka juu ya mtulinga wangu, akakikuta kile kikubwa bila kuonyeshwa, akakizunguka, akakikuta na kidogo.

"Mama, umenigusa," nilisema. "Nawe umetengwa."

"Nimeona," alijibu. "Funga nguo, kuna baridi."

Siku ya soko alivaa shuka lake zuri na kusimama katikati ya barabara, si kando. Lori lilikuja likipiga honi tangu mbali, likasimama hatua chache kutoka kwenye magoti yake.

"Bibi, toka barabarani," Petro alisema.

"Nitoke niende wapi? Nimekatazwa njia zote. Hii ni mojawapo, na hizo nyingine ni mbovu."

"Bibi, vitunguu vya watu—"

"Nimewaona mama zao wakizaliwa hao wenye vitunguu. Chagua, mjukuu wangu. Utupakie, au unikanyage. Ukinikanyaga utatengwa wewe, na gari hili utamwachia nani?"

Utingo alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Petro alifungua mlango, akashuka kutuinua mwenyewe. Tulikwenda Karatu juu ya magunia, mama mkwe amenishika kiunoni. Hakuwa amepanda gari kabla ya siku ile, na kila shimo alisema jina la Mungu mara mbili, moja la kanisani na moja la zamani.

Kutoka Karatu tulipata basi la misheni. Kwenye benchi la hospitali nilimtafuta Ng'oto Lemali kwa macho. Nilimwuliza Sista. "Yule wa Nainokanoka?" alisema. "Hajaja tangu mvua za masika." Akaendelea kupanga chupa zake. Sikuuliza tena, na mpaka leo sijui.

Vidonge havikuwepo. Shehena ilikuwa imekwama, hawajui wapi, hawajui mpaka lini. Daktari alinipapasa shingo, na safari hii hakunyamaza.

"Siwezi kuyaweka maisha yako kwenye meli ambayo sijui iko wapi," alisema. "Vidonge vilitufundisha jambo moja zuri. Vilipokuwepo ulisinyaa, vilipokosekana ukakua. Basi tunajua unakula nini. Tukate vifuko vya mayai, tuufungie jiko kabisa. Lakini ujue, hutazaa tena. Na ninahitaji kibali cha mume."

"Mume wangu yuko Loliondo."

"Basi mtu mzima wa familia yake."

Mtu mzima wa familia yake alikuwa amekaa ukutani, viatu vyake vya tairi vimenyooka mbele, akitutazama midomo. Nilitakiwa kumtafsiria. Nimepima mizigo mingi, lakini sijapata kuinua kitu kizito kama sentensi ile. Nikamwambia kwa lugha yetu: wanataka kuondoa mahali watoto wanapotoka, ili ugonjwa ukose chakula, na wanataka wewe ukubali.

"Wakiondoa, utapona?"

Nilimwuliza Daktari. Alisema inawezekana, hakuapa. Nikamtafsiria hivyo hivyo.

Nje mtu alikuwa akipiga maji ya pampu, chuma kikilia. Kisha akanyoosha mkono, akitoa dole gumba, kama alivyowaona watu wakifanya ofisini kwa mtendaji. Sista alilipaka wino. Alilikandamiza kwa nguvu, akalishikilia pale kupita kiasi, mpaka Sista akamwambia taratibu, "Imetosha, bibi."

Fabiano alifika siku ya nne baada ya upasuaji, na vumbi jekundu la barabara kwenye nyusi. Habari alizipata kwa dereva wa tingatinga. Alisimama miguuni mwa kitanda, hakunitazama.

"Mngenisubiri," alimwambia mama yake.

"Wewe ulikuwa unawatengenezea watalii barabara," mama alisema. "Ya kwako ilikuwa imefungwa."

Alitoka nje. Nilidhani amekwenda zake, na sikuwa na machozi ya kumlilia. Baadaye mgonjwa wa kitanda cha dirishani alianza kucheka, akaniambia niinue kichwa. Kwenye bomba la uani, katikati ya wanawake, mume wangu alikuwa ameinama akifua mashuka yangu, vibaya, maji yote yakimrukia kwenye suruali. Akaja hivyo kila siku mpaka tuliporuhusiwa. Hatukuzungumza juu ya watoto mpaka mwaka mwingine, na tulipozungumza yalikuwa mazungumzo magumu, yenye majuma ya kununiana. Hilo nalo mwenzangu ulitegemee. Ugonjwa ukitoka mwilini hukaa kidogo mezani.

Nyumbani wazee walimsikiliza mama mkwe. Wengine waliamini, wengine hawakuamini. Walisema tunaweza kufunguliwa. Ni yeye aliyekataa. Alisema, "Mtoto hakuwepo, lakini nimeweka dole gumba asiwepo kamwe. Niacheni nimlilie kwa utaratibu." Tukakaa pamoja, wanawake wawili, moto mmoja, mpaka masika. Nilikuwa mgonjwa bado, joto limenirudia kwa fujo, na ninasema kweli kwamba miezi ile ya kutengwa mara ya pili, nikiwa na mtu, ilinitibu kuliko nilivyotegemea. Petro alituletea vitunguu. Mama Daniel alianza kukaa ukingoni mwa shamba alasiri, kwa umbali unaotakiwa, akitusimulia ya kijiji.

Kupapasa sikuacha. Majuma ya kwanza harage lilikuwa harage, nikasema basi, tumekata bure. Kile kidogo ndicho kilichotangulia kupotea. Siku moja nilikitafuta sikukiona, nikahisi nimekosea mahali. Halafu kile kikubwa kikaanza kulainika ukingoni.

Ngano ilipovunwa tulirudi hospitali kuangaliwa, mama mkwe nami, kwa sababu alikuwa amekataa niende na mtu mwingine. Tulikaa kwenye benchi. Mlango ulifunguka na kufungwa, majina yakaitwa. Ndani, Daktari alipapasa shingo yangu kushoto na kulia, akapapasa kwapa, akagonga mgongo, akanisikiliza kifua. Alikaa. Nilimtazama mikono badala ya uso.

"Sikuti kitu," alisema.

"Umepona?" mama mkwe aliniuliza, maana aliona nimefunika macho.

Nilimwuliza Daktari. Alifikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo nilimpenda.

"Sitasema umepona. Semeni umelala."

Nikamtafsiria: anasema ugonjwa umelala.

"Mwulize utalala mpaka lini."

"Sijui, mama," Daktari alisema, hata kabla sijatafsiri, kama aliyelisoma swali usoni mwake. "Pengine miaka mingi. Pengine usiamke. Kweli sijui."

Nilipomtafsiria, mama mkwe alilipima jibu lile. Kisha akainama, akavua viatu vyake vya tairi, akavishika mkononi.

"Basi tutoke polepole," alinong'ona. "Tusiuamshe."

Na tukapita kwenye ukumbi ule mrefu, mbele ya benchi na wanawake wote waliokaa, yeye pekupeku mbele, mimi nyuma yake, bila kutoa sauti.